Vikombe vya Mama Mkwe

8 Januari
Spika ya kulia imekufa asubuhi hii, katikati ya simfonia, pale ngoma za shaba zinapoanza kunguruma. Haikufa kwa kishindo. Ilikohoa mara moja, ikaanza kukwaruza, nikaizima. Nilipofungua kitambaa cha mbele nilikuta ule mpira unaoshikilia koni umeoza na kuchanika pande zote. Tumekuwa pamoja tangu kabla sijaoa. Niliifunika taulo, Colombe akanicheka, akasema hajawahi kuona spika ikiwekewa matanga.

Daftari hili ni zawadi yake ya Krismasi. Alinipa na masharti: "Andika humo, Anselme. Mimi nikitoka zamu nataka kulala, sitaki kusimuliwa habari za fidla." Mke wangu anaendesha gari dogo la kusafisha theluji kwenye vijia vya Rosemont, mtaa wetu hapa Montréal, na majira haya jiji linamwita wakati wowote linapotaka. Kwa hiyo nitaandika.

Kazi yangu ni kuchanganya sauti. Okestra ikisharekodiwa, maikrofoni huku na maikrofoni kule, mimi ndiye ninayekaa na kupima nani asikike kiasi gani, mpaka watu themanini wawe kitu kimoja. Studio niliyofanyia kazi miaka yote ilifungwa mwaka jana, jengo likageuzwa fleti za matajiri, nami kiangazi kilichopita nikahamishia mitambo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ghorofa ya juu anakaa mama yake Colombe, Mama Alphonsine, mwenye ufagio. Sakafu yake ni dari yangu, na besi zikimkera anagonga kwa mpini. Nahisi atachukua kurasa nyingi humu.

Hata hivyo nashukuru. Nyumba ina joto, na simfonia yenyewe niliimaliza kabla ya sikukuu na kuituma kwa wenyewe. Spika ingeweza kufa Novemba.

9 Januari
Theluji. Mama kagonga mara mbili kabla ya chakula cha mchana, na hapo inalia spika moja tu.

14 Januari
Amepiga simu Bi Noëlla Théberge, mwongozaji wa okestra ya Pointe-aux-Ormes. Rekodi zao zote zimepita mikononi mwangu, tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi na zangu zilipokuwepo.

"Anselme, baridi inasemaje huko?"

"Ipo, Bi Noëlla. Miksi umeisikia?"

"Nimeisikia nyumbani, nimeisikia garini, nimempa kiongozi wangu wa selo akaisikia kwake. Besi zimezidi. Sehemu ya pili yote ni supu ya njegere. Kijiko kinasimama chenyewe."

"Besi? Mbona mimi hapa nazisikia nyembamba? Nilikuwa hata naona aibu."

"Basi sijui unasikia nini huko kwako."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Akaniambia kamati ya okestra nayo imesikia, na kuna bwana mmoja wa Toronto ambaye jina lake linatajwa kwenye vikao. "Nimewaomba wasubiri mpaka Pasaka. Usinitie aibu, rafiki yangu."

Baada ya simu nilikaa nimeshika tama mpaka chai ikapoa. Sehemu hiyo ya pili ni ya polepole na imesimama juu ya besi; wale wapiga besi, fidla zile ndefu kuliko mtu, wanashuka ngazi kwa ngazi mpaka noti ya fa ya chini, wanapumzika hapo, wanaanza tena. Mtu anayesikia wembamba mahali penye unene ana ugonjwa mmoja tu unaojulikana katika kazi yetu. Masikio yangu yamekwisha. Nimeliandika, na sasa limeandikwa.

15 Januari
Sikumwambia Colombe. Alirudi kachoka, akala pai ya nyama akiwa amesimama, akalala na soksi.

20 Januari
Nimekwenda kwa Ghislain. Ana duka la vyombo vya muziki karibu na soko, na ana tumbo linaloingia chumbani kabla yake. Watu anaowafahamu huwaazima spika wiki nzima wakazisikilize kwao, kwa sababu spika iliyopendeza dukani si lazima ipendeze nyumbani.

"Unataka za aina gani?" akaniuliza.

"Za kuniambia ukweli."

"Hizo wateja huwa wanazirudisha."

Kwa muziki wa dansi mtu anaweza kuchagua spika kwa moyo. Kwa okestra unachagua kwa woga. Mimi huzijaribu kwa mambo matatu. Kwanza obo, zumari ya okestra, ikipiga peke yake: nataka kusikia mwanzi na pumzi, siyo asali. Pili, okestra nzima inapokata ghafla: nataka kuusikia mwangwi wa kanisa waliporekodia ukienda zake mpaka unapoishia, maana spika dhaifu huukata njiani. Tatu, besi zinapodonolewa kwa vidole: kila noti iwe na jina lake, isiwe mvumo tu.

Jozi ya kwanza niliyorudi nayo nyumbani ilikuwa tamu kupita kiasi. Kuna mpiga baragumu mmoja anayeingia mapema kidogo sehemu ya kwanza. Namjua, nimeshamficha mara nyingi. Kwenye spika hizi hakusikika akikosea. Spika ya kuchanganyia haitakiwi kuwa na adabu namna hiyo. Na besi za sehemu ya pili? Nyembamba vilevile. Nikazipandisha nione. Ufagio ukagonga.

21 Januari
Barafu kwenye ngazi za nje. Nimemwaga chumvi mpaka mlangoni kwa Mama. Hakusema asante. Alisema nimekosa pembe moja.

3 Februari
Jozi ya pili: maboksi makubwa, koni za ukubwa wa sinia. Obo safi, mwangwi safi, na mpiga baragumu wa watu kafichuliwa bila huruma. Nilifurahi. Kisha sehemu ya pili ikaja, besi zikashuka ngazi zao, zikafika fa, na pale chini pakawa na shimo. Noti zile nyingine zipo. Fa inatajwa tu, haisemi. Nikaipandisha. Mama akagonga palepale.

Nilipopanda kumpelekea mkate nikamkuta kashika kiuno.

"Mama, leo tena?"

"Mimi ndiyo nikuulize, leo tena? Vikombe vyangu vya arusi vinacheza kabatini, na hakuna aliyevialika."

"Ni kazi, Mama. Okestra hiyo."

"Marehemu baba yake Colombe alipiga akodioni maisha yake yote, hakuvunja hata kikombe kimoja."

"Na mimi sijavunja."

"Bado," akasema, akapokea mkate, akafunga mlango.

Nimeshuka ngazi nikisema maneno ambayo hata daftari hili sitalipa. Kuna siku namwona mwanamke huyu hana alilobakiza duniani zaidi ya kunigongea.

4 Februari
Nimemwambia Colombe habari za masikio. Alinisikiliza mpaka mwisho na jaketi lake la kazi mwilini. Akasema, "Kapime." Nikasema nitapima. "Usiseme nitapima kwa sauti hiyo," akasema, kisha akanishika sikio, moja baada ya jingine, akacheka. Nashukuru kwa mkono ule, ulikuwa wa baridi sana.

12 Februari
Leo tumefanya mtihani wa shuka. Ghislain ameniazima jozi ya tatu na zile mbili kaniachia bado, na kwa kuwa macho ni mashahidi wa uongo kwenye kazi hii, nilimwomba Colombe azipange zote mbele yangu na kuzifunika shuka za kitanda, kisha awe anabadilisha waya bila kuniambia. Kwanza nilipima zote zilie kwa nguvu moja, kwa sababu sikio hupenda kinacholia zaidi na kukiita kizuri.

"Hii ni A," anasema yuko nyuma ya meza.

"Sawa."

"Hii ni B."

"Umerudia A."

"Nilikuwa nakujaribu. Masikio yapo, bwana."

Tuliendelea hivyo mpaka akaanza kupiga miayo. Kila mara nilichagua ileile, ambayo obo ilikuwa kavu na fidla za pili zilikaa kweli nyuma ya za kwanza, unaweza kunyoosha kidole ulipo ukuta wa kanisa. Alipovuta shuka nikakuta ni ile jozi ya tatu, maboksi ya kijivu, mazito, yasiyo na hata pambo.

"Katika zote," Colombe akasema, "umechagua majokofu."

Nayachukua hayohayo. Yanaanika aibu za kila mtu, na zangu zimo. Lakini fa bado ni shimo, na hilo nalala nalo.

18 Februari
Nimepima. Mama mmoja mpole alinifungia kwenye kibanda, akanipigia miluzi midogo, akaniambia masikio juu kabisa yamepungua kwa umri, lakini chini ni mazima kabisa. "Besi unazisikia kuliko wanangu," akasema. Nilipaswa kucheza barabarani. Badala yake nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa. Masikio mazima, spika mpya, na bado kuna tundu. Basi kilichoharibika nini? Labda ni kile kilicho kati ya masikio mawili.

24 Februari
Nimetuma miksi ya pili. Nimefanya kazi kwa unyenyekevu, nimesafisha kila kitu. Besi nimeziongeza kidogo tu, fa hasa, isije ikaonekana nimeziogopa.

27 Februari
Bi Noëlla amepiga simu. Naandika alivyosema, nisije nikajidanganya baadaye.

"Umeziongeza tena."

"Kidogo."

"Anselme, nilikuambia zimezidi, ukaziongeza. Nimwambie nini mwenyekiti wa kamati? Kwamba hunisikii mimi au huisikii okestra?"

Nilisikia mbwa wake akibweka kule, na yeye akimnyamazisha kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia.

"Nakupa nafasi moja tu," akasema. "Wakitaka kumpa yule wa Toronto baada ya hapo, sitakuwa na mdomo wa kuwazuia."

Nimeitoa kwenye ukurasa huu kila sentensi ya kujitetea. Unga unamwagika, na nauona unavyomwagika.

28 Februari
Baridi kali. Sikuwasha mitambo. Mama hakugonga, hakukuwa na cha kugongea.

6 Machi
Leo nitaandika kirefu.

Jana nilimweleza Ghislain yote. Akasema spika zako haziendi chini vya kutosha, chukua sabufa, ile spika ya besi peke yake, uone kama fa itapatikana. Akanipakilia kwenye gari boksi zito la mraba. "Na mahali pa kuiweka unapajua kupatafuta?" akauliza.

"Najua."

"Basi utambae. Watu wanajua na hawatambai."

Ni desturi ya zamani ya watu wa kazi yetu, na inachekesha, ndiyo maana wengi hatuifanyi. Sabufa unaikalisha kwenye kiti chako, pale kichwa chako kinapokaa. Unarudiarudia kipande cha besi. Kisha wewe mwenyewe unatambaa chumba kizima, kichwa chini, kando ya kuta, mpaka ufike mahali ambapo kila noti inasikika sawasawa. Hapo ndipo pa kuiweka, kwa sababu kona inavyokisikia kiti ndivyo kiti kitakavyoisikia kona.

Leo mvua ya barafu imenyesha tangu alfajiri. Colombe yuko kazini. Nikaikalisha sabufa kitini, nikaiwekea mto isianguke, nikawasha zile besi za sehemu ya pili, nikapiga magoti. Nikatambaa chini ya dirisha. Noti za la na sol, zote zipo. Fa hakuna. Nikazunguka kipasha joto, nikapita nyuma ya makochi, nikaingiza kichwa pembeni mwa kabati la vitabu. Fa hakuna. Nikazunguka tena. Chumba kizima, hakuna pembe hata moja yenye fa. Nikasema, haya, kumbe yule mama wa kibanda alinionea huruma. Nikakaa sakafuni nikaegemea ukuta, wimbo ukizunguka na kuzunguka, na nililia kidogo.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Alphonsine amesimama na koti la marehemu mumewe, limeloa, buti moja limefungwa na jingine linaburuta kamba, na ufagio mkononi.

"Anselme! Uko hai?"

"Niko hai, Mama. Umeshukaje ngazi na barafu hii?"

"Kwa makalio. Ngazi kwa ngazi." Akaniangalia. "Unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta fa, Mama."

"Imeanguka lini?"

Sikujua nicheke au niendelee kulia. Nikainuka nikamvua koti, nikamuuliza nini kimemleta, maana angeweza kuvunjika nyonga akafa pale nje bila mtu.

"Kimya ndicho kimenileta," akasema. "Muziki nausikia, vikombe sivisikii. Tangu kiangazi wimbo huo ukifika pale pake vikombe vinalia, nagonga, unapunguza, maisha yanaendelea. Leo umefika pale ukapita, ukarudi ukapita. Hakuna kikombe kilichojitingisha. Nikasema huyu kaanguka juu ya mashine zake, na mtoto wangu yuko kwenye theluji, nani atamwokota?"

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena, kwa sauti ya juu, akidhani masikio yangu ndiyo yamekufa.

Nikaikumbatia sabufa nikaitoa kitini, nikaiburuta mpaka ukutani chini ya dirisha, nikarudisha wimbo mwanzo. Besi zikashuka ngazi zao. Zikafika fa. Juu ya vichwa vyetu, kupitia dari, tukasikia vikombe vya arusi vikitetemeka kabatini.

"Hivyo hapo," Mama akasema, ameridhika.

Nikasimama ukutani: fa imejaa, inabonyeza kifua. Nikaenda nikaketi kitini kwangu: hakuna. Nikasimama, nikaketi, nikasimama. Ni chumba. Noti ile, kwa urefu wa chumba hiki, inarundikana kwenye kuta mbili na kufa katikati. Na mimi nimeketi wapi? Katikati kabisa, chini ya lile ua la plasta la dari, mahali nilipopima mwenyewe kiangazi kilichopita, Colombe akinishikia ncha ya futi, nikijisifu kwamba hakuna kiti kilichokaa sawa kuliko hiki katika Montréal nzima. Sabufa ilipokaa kitini haikuweza kuiamsha fa popote, kama mimi nilivyoketi hapohapo nisiisikie ikitoka popote. Niliwahi kuwaeleza watu wengine jambo hili, na michoro nikawachorea. Nikaja nikanunua majokofu.

Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa naongeza kitu ambacho kilikuwa kimeshajaa, na kila nilipoongeza, vikombe vilipiga kelele, naye akagonga, na mimi nikamchukia kwa hilo.

Nilimkumbatia Mama Alphonsine. Hajazoea mambo hayo. Alikaa wima na ufagio wake mpaka nilipomwachia.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?" akauliza.

"Nimepata, Mama."

"Basi nichemshie maji. Na hizo ngazi sipandi tena mpaka Colombe aje na gari lake."

Alikaa mpaka jioni. Nilimpikia mayai. Nashukuru kwa barafu ambayo haikumvunja, na naona haya kuandika mengine.

7 Machi
Nimesogeza meza na kiti mbele, theluthi moja kutoka ukutani. Ua la plasta sasa linaning'inia nyuma ya kisogo changu, chumba kinaonekana kimelewa. Nikafungua miksi niliyomtumia Bi Noëlla. Ilipofika sehemu ya pili niliruka kuizima. Supu ya njegere, kijiko na kila kitu. Mwanamke yule alinivumilia kuliko nilivyostahili.

8 Machi
Mama kashusha kipande cha keki. Ameshika ukuta, kashuka kwa miguu. Chumvi yangu ilifika kila pembe.

16 Machi
Theluji inayeyuka, mifereji inaimba. Nafanya kazi.

22 Machi
Sabufa inabaki. Nimeipunguza mpaka usijue kwamba ipo; ukiizima tu ndipo unagundua kanisa limepoteza sakafu. Kwa okestra hiyo ndiyo kazi yake, siyo kutikisa nyumba. Sasa ngozi ya ngoma kubwa naisikia inapolegea baada ya kupigwa, na wapiga besi nawasikia mmoja mmoja wakibadili mkono kabla ya fa. Kuna mmoja anavuta pumzi kila mara. Nilikuwa nimemzika chini ya unene wangu. Nimemwacha avute.

Fa yenyewe nimeishusha polepole, siku baada ya siku, hadi ikae na wenzake. Juu kimya. Mwishoni nikapanda kumuuliza Mama kama vikombe vimelia. "Havijalia," akasema. "Umeuharibu wimbo?" Nikamwambia la, nimeutengeneza. Alionekana hajashawishika.

29 Machi
Nimetuma. Colombe ndiye aliyebonyeza, mimi niligeukia ukuta.

3 Aprili
Hakuna simu. Tumekwenda shambani kwa binamu yake Colombe, wakatumwagia sharubati moto ya utomvu wa mti juu ya theluji, tukaivingirisha kwenye vijiti na kula. Mama alikula kutushinda wote. Kwa nusu siku nilisahau.

9 Aprili
Simu ililia nikiwa naosha vyombo. Nilikausha mikono kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika.

"Nimeisikiliza garini," Bi Noëlla akasema. "Nje ya duka. Nilikaa mpaka mume wangu akatoka kunigongea kioo, samaki wamekwisha yeyuka kwenye mfuko."

"Na sehemu ya pili?"

Nilisikia tena mbwa wake. "Kijiko kimezama, Anselme. Kimezama chote. Na kuna mtu anavuta pumzi kabla ya noti ya chini."

"Nimtoe?"

"Ukimtoa nakuua. Nimempigia, ni mzee wetu wa besi ya nne, anastaafu Juni. Amelia kwenye simu." Kisha akaongeza, polepole: "Kamati haijataja Toronto. Sasa niambie, ulikuwa na nini?"

"Nilikaa vibaya," nikamwambia.

Alicheka sana. Alidhani ni mzaha. Asante, asante, asante. Sina jingine la kuandika leo.

20 Aprili, Pasaka
Nyama ya nguruwe na viazi vya kuponda, sote watatu mezani. Colombe amekwisha rudisha gari la theluji kwenye yadi ya jiji na analala usiku kama binadamu.

24 Aprili
Alhamisi, siku ya Mama kucheza karata na wenzake. Nilikuwa naisikiliza rekodi iliyokamilika kwa mara ya mwisho kabla haijakwenda kiwandani, nikasikia miguu ya wageni wa Mama kwenye ngazi za nje. Nikaizima kwa adabu, katikati ya sehemu ya kwanza.

Dakika haikupita, ufagio ukagonga.

Nilipanda nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Mama akafungua mlango, na nyuma yake wamekaa bibi watatu wenye miwani, karata hazijagawiwa, na mezani vikombe vya arusi, vyote, nje ya kabati, vimejaa chai. Colombe anasema hajawahi kuviona vikinywewa maishani mwake.

"Mbona umezima?" Mama akasema.

"Nimeona una wageni, Mama."

"Wamekuja kusikiliza. Nimewaambia mkwe wangu ana okestra chini." Akageuka kuwaangalia, akanigeukia tena. "Shuka ukaweke tangu mwanzo. Na usiguse chochote, ilikuwa sawa."

Nikashuka nikaweka tangu mwanzo. Sehemu ya pili ilipokaribia sikuangalia mitambo, niliangalia dari. Besi zikashuka ngazi zao, mzee wa Pointe-aux-Ormes akavuta pumzi, fa ikaja. Vikombe kimya. Kisha mpini wa ufagio ukaanza kugonga sakafu taratibu, pigo moja kwa kila noti, ukishuka nao. Alikuwa anachelewa kidogo nyuma ya besi, na kazi yangu ni kusikia mambo kama hayo. Nikamwacha agonge.